Kabla Hujamwita Mtu Mkorofi, Muulize Alilala Saa Ngapi

Katika wodi ninayoisimamia hapa Dar es Salaam, ugomvi una saa yake. Hautokei usiku wa manane, wakati wauguzi ni wachache na wagonjwa wanazidiwa, bali hutokea asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, ambapo jambo dogo kama mstari mmoja usiojazwa kwenye chati ya dawa huzaa maneno makali mbele ya wagonjwa. Tuliletewa mwezeshaji akatufundisha akili ya hisia, yaani uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenzake na kuzitawala, dhana ambayo wanasaikolojia wa Marekani Peter Salovey na John Mayer waliifafanua kitaaluma mwaka 1990. Semina ilikuwa nzuri, na chai yake pia. Wiki iliyofuata chati ziliendelea kubamizwa mezani.

Nilianza kuelewa nilipowatazama wanaogombana badala ya kulisikiliza wanalogombania. Anayetoka zamu amekesha. Anayeingia, kama anaishi Chanika au Mbagala, ameamka saa kumi alfajiri ili apate daladala kabla foleni haijashika, na huenda alipanda kitandani karibu na saa sita usiku baada ya kupika, kufua sare za watoto na kujibu ujumbe wa kikoba kuhusu marejesho. Hawa wote wawili wana deni la usingizi, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye roho mbaya.

Sayansi inawatetea. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Marekani, akiwemo Matthew Walker, waliwaonyesha picha za kuudhi watu waliokuwa macho kwa takriban saa 35, pamoja na wengine waliolala kama kawaida. Kwa wale waliokesha, amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayohusika na woga na hasira, iliitikia kwa nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 60, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuituliza, yalikuwa yamelegea. Ndiyo maana nasema kumfundisha mtu kutawala hasira bila kumuuliza habari za usingizi wake ni kumdai kile ambacho ubongo wake hauna uwezo wa kukitoa kwa wakati huo.

Kwa hiyo wodini tuliweka utaratibu mmoja. Lolote linalomgusa mgonjwa hurekebishwa papo hapo, lakini swali la nani alaumiwe halijadiliwi wakati wa kukabidhiana. Huandikwa na kusubiri hadi wahusika wote wawe wamelala. Sidai kwamba tumekuwa malaika. Ila malalamiko mengi yakisharudi mezani huwa yamepungua ukali, na yanayobaki ni yale ya kweli, yanayostahili kushughulikiwa.

Utaratibu huohuo niliupeleka nyumbani, na hapo nagongana na wosia ambao kila bibi harusi husikia, kwamba wanandoa wasilale na kinyongo. Nauheshimu wosia huo, kwa sababu kununiana siku tatu kunaumiza nyumba. Lakini kujadili ada ya shule saa tano usiku, mmoja ametoka kusimama kwenye basi na mwingine macho yamemuuma kwa simu, si kumaliza kinyongo bali ni kukitengeneza. Baba watoto akianza, "Mama, hivi ile hela ya ada imeishia wapi?" humjibu, "Nimekusikia, na mimi pia linanisumbua. Tuliongee Jumamosi tukishakunywa chai." Sharti ni kwamba siku itajwe, na ikifika mazungumzo yafanyike kweli, la sivyo mwenzako ataona unamkwepa, na atakuwa na haki.

Sasa tuje kwenye usingizi wenyewe. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na kinachosaidia zaidi ni kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawanayo: jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Dakika chache za kufagia uwanja au kutembea hadi kituoni zinatosha kuanzia. Kahawa ya kijiweni ya jioni iepukwe, pamoja na chai ya rangi iliyokolea, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Kuhusu joto la Januari, mwili unahitaji kupoa kidogo ndipo usingizi uje. Kuoga kabla ya kulala kunasaidia, na feni ikielekezwa kwenye chandarua inatosha.

Mawazo ndiyo adui mkubwa kuliko joto. Mtafiti Michael Scullin na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha kwamba walioandika kazi zinazowasubiri kwa dakika tano kabla ya kulala walisinzia kwa wastani wa dakika tisa mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Mimi hutumia daftari la kawaida la shule: kununua umeme, kumpigia fundi bomba, kuuliza likizo. Naongeza mstari mmoja wa hisia, kwa mfano "nimeudhika kwa kukatizwa kikaoni", kwa sababu hisia ikishatajwa kwa jina lake hupungua nguvu. Usingizi ukikataa kwa dakika ishirini hivi, ondoka kitandani. Hata kama mnaishi chumba kimoja, kaa mkekani bila simu hadi usinzie, ili kitanda kisizoeleke kuwa mahali pa kuwazia.

Kwa wenzangu wa zamu za usiku, zibeni dirisha kwa kitenge kizito na muwaombe walio nyumbani wapunguze redio, maana usingizi wa mchana ni kazi kama kazi nyingine. Wengine nao wasiidharau kailula, yaani usingizi mfupi wa mchana: dakika ishirini baada ya chakula cha mchana huokoa jioni nzima.

Jambo la mwisho ni piritoni. Wengi huinunua duka la dawa ili walale, ilhali ni dawa ya mzio. Mwili huizoea upesi, na mtu huamka na uzito wa kichwa. Ukikosa usingizi angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, au ukiambiwa kwamba unakoroma na pumzi inakatika, nenda hospitali. Omba kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa matibabu yanayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya mazungumzo na kubadili mazoea, kabla ya vidonge.