Kikapu na sanamu nne: niuze moja moja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Chemnitz, Ujerumani. Bibi niliyekuwa namhudumia amefariki, na katika wosia wake kaniachia pambo la katikati ya meza, la porseleni: kikapu chenye matundu juu ya kigogo chenye maua, na sanamu nne za kusimamishwa kandokando. Mmoja amevaa kinyago cheusi na nguo ya rangi rangi, mwingine ni mzee mwenye ndevu zilizochongoka na joho jeusi, na wasichana wawili wanacheza. Chini kuna panga mbili za buluu zilizopishana, zimekwaruzwa mstari mmoja juu yake. Mnunuzi wa vitu vya kale anamtaka mwenye kinyago peke yake. Je, ni pambo halisi? Nimuuzie? Nilioshe kwanza?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Usilioshe. Na huyo mwenye kinyago usimtoe peke yake, hata bei ikipandishwa.

Huyo ni Harlequin, mtumishi mjanja ambaye njaa yake haiishi. Mzee ni Pantalone, tajiri bahili wa Venice, na mmoja wa wasichana huenda ni Colombina, kijakazi mwerevu. Wanatoka katika commedia dell'arte, michezo ya jukwaani iliyoanza Italia karne ya 16, ambamo waigizaji walipewa kisa tu, maneno wakayatunga papo hapo. Harlequin ana asili ya kale zaidi. Wachunguzi wengi wanamhusisha na Hellequin, ambaye katika masimulizi ya Ufaransa ya enzi za kati aliongoza kundi la mashetani usiku. Tazama kinyago chake kwenye paji la uso: mara nyingi pana nundu, inayosemwa kuwa ni baki la pembe. Na nguo yake ilikuwa viraka vya fukara kabla haijageuzwa kuwa vipande vya umbo la almasi vilivyopangika.

Walifikaje mezani? Katika karamu za wakuu wa Ulaya, wakati wa vitamutamu, meza ilipambwa kwa mandhari nzima za sanamu za sukari na nta. Kiwanda cha porseleni cha Meissen, huko huko Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, kilimwajiri mchongaji Johann Joachim Kändler mwaka 1731, na mikononi mwake porseleni ikaanza kushika nafasi ya sukari. Mgeni wa upande huu alimwona Harlequin akichekesha, wa upande ule akamwona Pantalone akighadhibika. Jaribu mwenyewe: ziweke mezani, zungusha kila sanamu mpaka macho yake yapate wa kumtazama. Nimekarabati vyombo vya kauri miaka mingi, na hakuna kinachoniuma kama kukutana na Pantalone aliyetengwa na wenzake, ameinua mkono kumfokea mtu ambaye hayupo. Ukitawanya kundi hilo, umeuvunja mchezo wenyewe.

Kuhusu uhalisi, panga za buluu ni alama ya Meissen tangu miaka ya 1720, lakini zimeigwa sana, hasa karne ya 19. Alama halisi iko chini ya ule utando wa kioo unaofunika porseleni, kucha haiihisi. Panga zenye vifundo kwenye mipini kwa kawaida ni za nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwaka 1924. Mkwaruzo nao una maana: kiwanda kilikwaruza alama za vyombo vyenye kasoro au vilivyouzwa vyeupe bila kupakwa rangi. Kwa hiyo huenda rangi zako zilipakwa na fundi wa nje. Kumbuka pia kwamba kalibu za zamani ziliendelea kutumika. Umbo la karne ya 18 halithibitishi kwamba sanamu ni ya wakati huo.

Ukiona ufa mwembamba ndani ya kitako, usishtuke. Udongo huo hunywea karibu sehemu moja ya sita katika tanuri la joto la nyuzi 1,400 hivi, na nyufa za namna hiyo ni za kuzaliwa. Vidole na majani ya maua ndivyo vya kukagua. Zima taa, uvimulike kwa kile kitochi cha kukagulia noti bandia: palipozibwa patang'aa tofauti. Viraka hivyo ndivyo vinavyonifanya nikukataze maji, maana gundi na rangi za ukarabati wa zamani huachia. Vumbi litoe kwa brashi laini ya mchoraji, na usiguse palipopakwa dhahabu.

Panda treni uende Dresden, kwenye mkusanyiko wa porseleni wa jumba la Zwinger, ukawatazame ndugu zao. Kisha mtafute mthamini ambaye yeye mwenyewe hanunui, mpelekee pambo zima. Nakala ya wosia na picha yoyote ya pambo hilo nyumbani kwa bibi zihifadhi pamoja nalo. Mnunuzi makini atakuuliza lilitoka wapi.