Je, Ulaya Iliendelea kwa Sababu Iliacha Dini?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mwalimu wetu wa historia anasema Ulaya iliamka ilipoiweka dini kando, na Waislamu tutabaki nyuma mpaka tufanye vivyo hivyo. Kaka yangu naye anasema elimu zao ni za kikafiri, tusizisome. Nimfuate nani?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Usimfuate yeyote kati yao katika hilo.

Mwalimu wako anachanganya zama. Copernicus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1543 kilieleza kwamba dunia hulizunguka jua, alikuwa na wadhifa katika kanisa kuu la Frombork, Poland. Newton aliandika mengi sana kuhusu Biblia. Ni kweli Kanisa Katoliki lilimhukumu mwanafalaki Galileo mwaka 1633 kwa kuitetea kauli hiyo ya Copernicus, na dhulma ile haina utetezi. Lakini wimbi la kuipinga dini hadharani lilipata nguvu karne ya 18, misingi ya sayansi ikiwa imekwisha kuwekwa.

Na sehemu kubwa ya misingi hiyo ilitoka kwetu. Toledo, mji wa Waislamu huko Andalus (Hispania), iliangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1085. Humo Gerard wa Cremona, aliyefariki 1187, alifasiri kutoka Kiarabu kitabu cha falaki cha Ptolemy, mwanachuoni wa kale wa Kigiriki, na Qanun ya Ibn Sina katika tiba, ambayo vyuo vya Ulaya viliisomesha kwa karne kadhaa. Mwanahesabu wa Italia, Fibonacci, alijifunza hesabu kwa tarakimu tunazotumia leo akiwa Bijaya, Algeria, kisha akawaandikia Waitalia mwaka 1202.

Wao walipokea, wakaongeza, wakasambaza. Gutenberg alichapa Biblia kwa mashine mjini Mainz, Ujerumani, mnamo 1455. Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata ruhusa ya kuchapa kwa Kituruki mwaka 1727, na kitabu chake cha kwanza kikatoka 1729. Sheikhul Islam, mufti mkuu wa dola ya Uthmaniya, alitoa fatwa ya kuruhusu, ila vitabu vya dini havikujumuishwa. Karibu miaka 270 ilipita katikati! Mwanafunzi wa Ulaya alinunua kitabu, wetu akaketi kukinakili kwa mkono. Hilo linaniuma kuliko vita vyote tulivyoshindwa.

Tusisahau pia uporaji: madini ya fedha ya Potosí (Bolivia ya leo), utumwa, na Kilwa na Mombasa zilizoporwa na Wareno mwaka 1505. Utajiri ule haukuletwa na akili peke yake.

Ama kaka yako, Imamu Ghazali ameeleza katika kitabu chake Ihya kwamba tiba na hesabu ni fardhi kifaya: mji ukikosa wenye kuzijua, wote wanapata dhambi. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye fiqhi huku miji ikitegemea matabibu wasio Waislamu. Na Mtume (s.a.w.) alichimba handaki Madina, mwaka wa 5 Hijria, kwa ushauri wa Salman, na mbinu hiyo ilikuwa ya Wafursi.

Basi soma fizikia, tiba na uhandisi, na nia yako iwe kuwaondolea Waislamu hiyo fardhi. Somo likikupa kipimo, jaribio au hesabu, lichukue. Mwandishi akivuka hapo akasema kwa hiyo hakuna Muumba, hiyo ni falsafa yake, haikutoka kwenye maabara. Mpeleke kwa mwenye elimu ya aqida. Riba na uchafu wa maadili hukumu yake inajulikana.

Wallahu a'lam.