Injini Imejam Baada ya Gari Kulala Miaka: Usiipigie Stata

Gari likikaa miaka mitatu uani Kigamboni halafu injini ikagoma kuzunguka, fundi wa kwanza atakwambia imenoki, yaani imeharibika ndani, katafute nyingine. Usikubali haraka. Muulize mwenye gari liliingiaje uani. Kama lilikuwa linachemsha au linagonga, fundi huenda yuko sahihi. Kama liliingia likitembea vizuri, shuku kutu. Injini ikizimwa, valvu za baadhi ya silinda hubaki wazi. Hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi, huingia na ringi za pistoni hushikana na ukuta wa silinda.

Kwanza weka gia nyutro na utoe mikanda ya mbele. Kompresa ya AC au altaneta iliyoshika beringi inaweza kukuhangaisha wiki nzima ukimimina dawa kwenye silinda zisizo na kosa. Chomoa kijiti cha oili pia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kazi hapo ni kubwa kuliko hii.

Toa waya wa betri, kisha plagi zote. Changanya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, tikisa chupa kila unapomimina kwa kuwa hujitenga, weka vijiko vitatu vya chakula kila tundu. Asetoni hudaka moto upesi. Mvuta sigara akae mbali. Acha siku tatu hadi wiki, ukiongezea inapozama.

Kisha weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, mhimili mkuu wa injini; Toyota nyingi za zamani ni milimita 19. Sogeza mbele kidogo, rudisha kidogo. Ikisogea hata milimita mbili, umeshapata njia. Isiposogea, ongeza dawa na subira, si bomba la mita moja la kurefusha mpini. Kulivuta gari likiwa kwenye gia ndiko kunakovunja ringi na kuchuna silinda, na hapo kweli utanunua injini.

Ikizunguka duru mbili kwa mkono, rudisha betri, funika matundu kwa matambara na upige stata plagi zikiwa nje, mpaka dawa yote iruke. Kimiminika hakibanwi, kikibaki ndani, konrodi, mkono unaoshika pistoni, itapinda. Mwaga oili, maana dawa imeshashukia humo, weka chujio jipya, mwaga petroli ya zamani, badilisha taiming belti.

Moshi mzito dakika za mwanzo ni dawa inaungua. Usipokwisha, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda; silinda iliyo chini sana ya wenzake, ringi zake bado zimenata.