Kasri la wakubwa, makofi ya wadogo: maswali yenu kuhusu seti za vichekesho vya zamani

Tangu safu hii izungumzie filamu fupi za Three Stooges, wachekeshaji watatu wa Marekani, barua nyingi zinazonifikia haziulizi habari za makofi wala vidole vya machoni. Zinauliza habari za kuta zilizo nyuma ya waigizaji, yaani seti, majengo ya kuigizia. Nimefurahi sana, kwa sababu kuta hizo zina historia yake, na ni wachache wanaozitazama.

Kwenye "Squareheads of the Round Table" kuna ngome nzima, ngazi za mawe na maleba ya kifalme. Filamu isiyofika hata dakika 20 ilipata wapi fedha za kujenga yote hayo?

Haikujenga. Ngome ile ilitengenezwa kwa ajili ya "The Bandit of Sherwood Forest", filamu ndefu ya rangi iliyotolewa na kampuni ya filamu ya Columbia mwaka 1946, ambamo Cornel Wilde anaigiza mtoto wa Robin Hood. Wenye filamu ndefu walipoondoka, idara ya filamu fupi ikaingia na kamera zake. Mwongozaji wa "Squareheads" alikuwa Edward Bernds, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi sauti wa mwongozaji Frank Capra, na filamu hiyo ikafika kwenye majumba ya sinema mwaka 1948. Mwaka huohuo zikatoka pia "The Hot Scots" na "Fiddlers Three", nazo zinachezwa ndani ya kasri. Zitazame zote tatu kwa mfululizo, utaanza kuzijua kona za jengo.

Kumbuka kwamba filamu fupi za aina hii zilirekodiwa kwa siku chache tu, mara nyingi tatu hadi tano. Kwa muda huo seremala hajamaliza hata ngazi moja ya kasri.

Ila mimi sikubaliani na wanaosema hii ilikuwa njia ya kubana matumizi na basi. Kasri lile lilijengwa na watu waliotaka mtazamaji aliamini. Milango ni mizito, dari iko juu, kila kitu kina heshima yake. Moe, Larry na Shemp, ndio hao Three Stooges, wanapovurugana humo ndani, tunawacheka wao. Kama nyuma yao kungekuwa na turubai lililochorwa mawe, tungelicheka turubai.

Idara ya filamu fupi ilikuwa inaomba ruhusa kwa nani?

Kwa watu wa nyumba moja. Columbia ya bosi Harry Cohn, pale kwenye barabara za Sunset na Gower mjini Hollywood, ilikuwa na mafundi wake, maleba yake, samani zake na majukwaa yake ya kurekodia. Jules White, aliyesimamia filamu fupi kwa miaka mingi, alikuwa chini ya paa lilelile. Jambo kubwa lilikuwa kuwahi kabla seti haijabomolewa.

Kampuni ilikuwa pia na eneo la wazi huko Burbank, lenye mtaa mzima wa nyumba za kuigizia. Huko ndiko kulikokuwa na nyumba ya familia ya Blondie, wahusika wa mfululizo wa filamu za vichekesho ulioanza 1938. Miaka ya 1960, tamthilia za televisheni kama "Bewitched" na "I Dream of Jeannie" zilitumia mtaa huohuo.

Nitaitambuaje seti iliyotumika mara mbili?

Achana na mapazia, makochi na rangi, maana hivyo hubadilishwa asubuhi moja. Tazama vitu visivyohamishika: ngazi inakunjia upande gani, dirisha lina umbo gani, meko iko ukuta upi. Filamu fupi zitakusaidia zaidi kuliko ndefu, kwa kuwa kichekesho cha mwili kinahitaji kamera isimame mbali ili mtu aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, na chumba chote kionekane pamoja naye. Filamu ndefu hupenda kusogelea sura za nyota wake, na ukuta unapotea. Usichanganywe na rangi pia. Jiwe la kahawia la filamu ya Robin Hood utalikuta limekuwa kijivu kwa Three Stooges, kwa kuwa filamu hizo zao zilikuwa nyeusi na nyeupe.

Mbona "Knutzy Knights" ya 1954 kama nilishaiona?

Umeiona kweli. Ni "Squareheads" iliyorudiwa, na humo mna vipande vya filamu ya zamani vilivyounganishwa na matukio machache mapya. Mwaka huohuo "Musty Musketeers" ilifanya hivyo kwa "Fiddlers Three", na "Scotched in Scotland" kwa "The Hot Scots".

Hapa ndipo ninapotofautisha. Kuazima ukuta na kuufanyia mchezo mpya ni kazi ya ubunifu. Kuuza mchezo uleule kwa jina jingine ni kumnyima mtazamaji haki yake, na mwigizaji nafasi yake. Shemp alifariki Novemba 1955, na mwaka uliofuata zikatolewa filamu nne zenye picha zake za zamani, huku mwigizaji Joe Palma akijaza mapengo kwa kugeuzia kamera mgongo. Mojawapo, "Scheming Schemers", ni kisa cha mafundi bomba kilichokwishatumika katika "A Plumbing We Will Go" ya 1940. Naielewa shida ya fedha: televisheni ilikuwa inawavuta watu wabaki nyumbani, na mwishoni mwa 1957 Columbia iliifunga idara yenyewe. Hata hivyo, mgongo ule unaniuma kila ninapouona.

Mchezo huu wa kuazima seti ulikuwa wa Columbia peke yake?

Hapana. Ukuta mkubwa wa kisiwani katika "King Kong" ya 1933 ulitokana na seti ya "The King of Kings" ya 1927, kisha Desemba 1938 ukachomwa moto mbele ya kamera ili uwe mji wa Atlanta unaoungua katika "Gone with the Wind". Kwa upande wa vichekesho, tafuta "Carry On Cleo" ya 1964. "Cleopatra" ya Elizabeth Taylor ilianza kurekodiwa studio za Pinewood, Uingereza, kisha ikahamia Roma na kuacha vitu nyuma. Wachekeshaji wa Pinewood wakavaa maleba yaliyoshonwa kwa ajili ya filamu iliyokaribia kuifilisi kampuni yake, na wanavyojidai nayo, utadhani yalishonwa kwa vipimo vyao.