Kriketi Iliisha Korosho Zilipoanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni mchezo gani ulifundishwa shuleni ambao hujawahi kuucheza tena tangu umalize?" Mimi ninayo miwili, kriketi na raga. Niliicheza kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, katika shule ya bweni ya wavulana ambayo jina lake naliacha, maana huko mbele nina kalalamiko kangu kidogo.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1990. Mwaka uliofuata akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, wa fizikia, mrefu, shingo nyekundu kwa jua. Alishuka kwenye lori la shule na sanduku la vitabu na mfuko mrefu wa turubai ambao sisi tuliona wazi kwamba ni wa bunduki. Jumamosi yake ya kwanza akaufungua mbele ya bwalo: magongo mawili, pedi za miguu, mipira mitatu myekundu migumu kama jiwe, na mpira wa raga uliotolewa upepo, umekunjamana kama kibofu cha mbuzi. Fomu foo mmoja akauliza mzungu anauza nini.

Kwao, raga huchezwa kuanzia Septemba, baridi inapoanza, hadi majira ya kuchipua majani. Kriketi inashika zamu Aprili mpaka Septemba, wakati wa joto. Basi akaandika ratiba hiyohiyo, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Sisi tukaisoma, tukanyamaza. Nani angemwambia mwalimu kwamba Septemba ya Newala haijui baridi ya kwao?

Septemba uwanja wetu ulikuwa na mchanga mwekundu juu, chini yake gumu kama sakafu ya saruji. Raga ni mchezo wa kuangushana. Mazoezi ya kwanza tu, watu tisa walichubuka magoti na viwiko hadi nyama ikaonekana, na pale zahanati ya shule dawa iliyokuwepo ilikuwa jivi tu, ile ya zambarau ya kupaka vidonda. Halafu kulikuwa na suala la maji. Wanaoijua Newala wanaelewa: uwanda uko juu, maji yako chini bondeni, yanapandishwa kwa pampu, na kiangazi pampu ikigoma mnagawana ndoo moja watu wawili, kuoga na kufua humohumo. Patroni wetu, mzee wa Kimakonde asiye na maneno mengi, alikuja akasimama pembeni ya uwanja, akawatazama vijana thelathini waliopakazwa vumbi na damu, akamwuliza mwalimu swali moja: "Hawa wataoga nini?"

Raga ikahamia kwenye mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kuelekea Desemba na kukatika Aprili au Mei, kwa hiyo Januari tuliporudi kutoka likizo uwanja ulikuwa tope laini. Tulicheza mvua ikinyesha na tukaoga humohumo, tumejipanga chini ya michirizi ya bati la bweni, kila mtu na kipande chake cha sabuni ya mche. Tuliipenda. Ukitoa sheria ile ya kutoa pasi nyuma tu, ambayo njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, walichukua muhula mzima kuielewa, raga kwetu ilikuwa mieleka yenye mpira. Wachezaji 15 kila upande, bweni la Ruvuma kwa bweni la Lukuledi. Shule nyingine ya kucheza nayo haikuwepo, na hata ingekuwepo Dar es Salaam tusingefika; Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na miaka ile mvua ikikaza, barabara ya kusini ilikuwa hadithi. Kifurushi cha mipira alichotumiwa mwalimu kilikaa ng'ambo ya kivuko cha Ndundu hadi tukakisahau.

Kuna siku mbili za raga ninazozikumbuka vizuri. Moja ni ya Machi 1992. Mwalimu alikuja uwanjani mchana kimya, redio yake ndogo kwapani, akakaa kwenye gogo, hakupuliza hata filimbi. Tukadhani amefiwa. Kumbe kule Melbourne Pakistan wamewafunga Waingereza fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kwa rani 22, yaani alama 22 za mbio. Kiranja mkuu alimpa pole kwa adabu zote, kama mtu anavyoingia matangani. Siku ya pili ni pale barua kutoka kwao ilipomletea habari kwamba trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ambayo tangu tuanze ilikuwa na pointi 4, sasa ni 5. Ruvuma walitaka mechi zote za mwaka zihesabiwe upya. Kesi hiyo ilifika hadi prepu ya usiku na ikamalizwa na mwalimu wa zamu kwa fimbo.

Lakini swali lenu likinibana nichague, nachagua kriketi, na najua wenzangu wa bwenini watanicheka. Kwenye raga mwenye mwili ndiye mwenye mchezo. Kwenye kriketi kulikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili kutoka Mikindani, mwembamba, anakimbia na ndala, akamng'olea kiranja mkuu wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, kwa mpira wake wa kwanza. Kiranja alibaki anatazama vijiti vimelala kama mtu aliyeibiwa mlango.

Kriketi yetu ilikuwa ya Julai hadi Septemba. Asubuhi za Julai pale juu ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, huoni hata paa la bwalo, na mwalimu aliapa kwamba hewa ile nzito inaupinda mpira angani. Sijui kama ilikuwa fizikia au kutamani kwao. Njia ya kurushia, ambayo ni yadi 22, yaani mita 20 na kidogo, tuliipima kwa kamba ya kisima. Na pale ndipo patroni alipokuwa mwalimu wa mwalimu. Mzungu alitaka majani, na majani hayakuwepo. Mzee akatutuma porini na majembe tukabomoe vichuguu. Udongo wa kichuguu ndio bibi zetu wanaosilibia sakafu; unaupondaponda, unaunyunyizia maji kidogo, unaushindilia. Tulikuwa na pipa lililojazwa zege, limepitishiwa chuma katikati, vijana sita wanalivuta huku na huko wakiimba. Ukikauka udongo ule unang'aa, mpira unadunda sawasawa, na hata mchanga wa pembeni hauingii. Mwalimu aliupiga picha kuliko alivyotupiga sisi.

Magongo mawili hayatoshi shule nzima. Vijana wa Mikindani waliporudi kutoka likizo ya Juni walikuja na mapongoo ya minazi: lile shina nene la kuti, bapa upande mmoja, mkono upande wa pili. Unalichonga kidogo kwa panga, tayari una gongo la kufanyia mazoezi. Mipira tulisokota kwa tyubu za baiskeli zilizokatwa nyuzi. Lakini mwenzetu mmoja, ambaye mjomba wake ni mchongaji, aliona upongoo ni aibu kwa Mmakonde. Alikwenda kwao wikiendi ya ruhusa akarudi na gongo la mpingo, jeusi, limesuguliwa kwa msasa hadi unajiona sura, kwenye mkono limechongwa nyoka anayejizungusha. Sijapata kuona kifaa cha michezo kizuri kama kile. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, na mikono yote miwili ikashuka. Mpingo ni mti unaozama majini. Gongo la kwao ni la mti mwepesi, mwanajamii wa mierebi, unaobonyea kidogo mpira unapopiga. La kwetu halikubonyea kitu. Mwenye gongo ndiye aliyefungua dimba: mpira ukagusa, mlio ukatoka kama nyundo kwenye reli, gongo likaanguka na yeye akajishika viwiko, ganzi imempanda hadi mabegani. Mjomba alipopata habari hakukasirika. Alilipasua lile gongo lake, akaongeza kipande kingine, akatuchongea vijiti sita vya wiketi na vile vijipande vidogo vinavyokaa juu. Vilisimama uwanjani mvua na jua, na havikupinda.

Sasa nieleze kwa nini msimu uliisha pale ulipoishia, maana hiyo haikuandikwa kwenye ratiba yoyote. Oktoba korosho zinaanza kudondoka. Mashamba yalikuwa yamezunguka shule pande tatu, na ugali wa saa kumi na mbili jioni hauwezi kumfikisha kijana hadi asubuhi. Tulikuwa tunaokota usiku, tunakaanga kwenye kipande cha bati nyuma ya vyoo. Maganda yanashika moto yenyewe, moshi mweusi, na yale mafuta yake ni asidi kabisa. Ukishika ganda bichi kwa pupa, siku mbili baadaye ngozi ya viganja inageuka nyeusi na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kwenye mpira wa miguu hakuna atakayejua. Kwenye kriketi, kudaka ndio kazi: mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji anatoka.

Wiki ya kwanza ya Oktoba 1992 tulikuwa tunamalizia mechi. Ruvuma walibakiza mchezaji mmoja. Nimesimama mbali, chini ya mkorosho uliokuwa ndio mpaka wa uwanja, mpigaji akaupiga juu sana, ukaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na huo ndio ubaya wa kriketi. Nikaunganisha viganja. Mpira ukatua katikati ya ngozi mpya, na mimi nikauachia kama kaa la moto, nikapiga yowe. Lukuledi wote wakashika vichwa. Mwalimu wa zamu, ambaye hakujua kriketi hata chembe, ndiye aliyevuka uwanja kuja kwangu. Hakuuliza habari za mpira. Akasema tu, "Fungua mikono." Kisha akaamuru timu zote mbili zifungue mikono. Wachezaji 22; safi walikuwa wanne, na mmoja wa wale wanne alikuwa mgonjwa wa malaria wiki nzima. Kesho yake babu mwenye shamba aliitwa paredi ya asubuhi kuhesabu wezi wake. Siku hiyohiyo vifaa vilirudi stoo, na hakuna aliyehoji.

Kalalamiko kangu ni haka. Mwalimu alimaliza mkataba mwanzoni mwa 1993. Alituachia kila kitu, tena kwa maandishi. Vifaa vikafungiwa stoo. Tulipokwenda Julai kuviomba tukaambiwa ni mali ya shule, mpaka kamati ikae. Kamati ilikaa tukiwa tunajiandaa na mtihani wa mwisho. Mlango ulipofunguliwa, magongo mawili ya mzungu yalikuwa maganda tu. Ukiyashika yanavunjika kama biskuti, ndani udongo mtupu. Pedi zilikwisha, ule mfuko wa turubai ulikwisha. Mchwa. Mmoja wetu akasema tulizibomoa nyumba zao tukazichezea, nao wamekuja kudai kodi. Tulicheka, lakini mimi mpaka leo sijamsamehe mwenye ufunguo.

Mwaka 2025, vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza, niliwaonyesha wenzangu kazini habari hiyo kwenye simu. Wakaniuliza kama ni ule mchezo wa Wahindi wa Upanga. Nikawaambia timu ya Afrika Mashariki, na Watanzania wakiwemo, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume kule Uingereza mwaka 1975. Wakauliza ilishinda ngapi. Ilicheza tatu, ikafungwa tatu. Mazungumzo yakarudi kwa Simba na Yanga.

Nilipita shuleni mwaka juzi kumpeleka mtoto wa dada yangu. Uwanja una magoli ya chuma sasa, pipa la zege limezama nusu ardhini na mbuzi wanalipanda. Saa sita kamili kijana mmoja akatoka ofisini kwenda kugonga kengele, ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe tangu enzi zetu. Mlio ulikuwa uleule. Nikasogea nione anagongea nini: kijiti cheusi, kirefu kama mkono, ncha moja imechongoka ya kuchomeka ardhini. Nikamwuliza kimetoka wapi. Akasema, "Shikamoo mzee. Hiki ni cha kengele."