Jibu: Je, filamu ya Goldfinger ilirekodiwa kweli hotelini?

Ndugu yangu, umeuliza kama filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964 ilirekodiwa kweli katika hoteli ya Fontainebleau ya Miami Beach, kwa kuwa wewe na wenzako hapa Kampala mnataka kukodi hoteli ya kifahari kwa siku nzima ili mrekodi filamu yenu. Ilirekodiwa huko kwa sehemu tu. Picha ya kutoka angani, yenye bwawa la kuogelea na jengo lililopinda ambalo Morris Lapidus alilisanifu na likafunguliwa mwaka 1954, ni ya hoteli yenyewe. Lakini Sean Connery, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, hakukanyaga Miami kwa kazi hiyo, kwani sehemu zake zilirekodiwa katika studio za Pinewood, Uingereza.

Kwa hiyo nawashauri kwa dhati mkodi ukumbi wa mapokezi kwa saa chache za alfajiri, mrekodi ngazi na mlango mkuu, kisha chumba cha kulala mkitengeneze kwingine. Shuka nyeupe zilizopigwa pasi, pazia zito na taa mbili kando ya kitanda humfanya mtazamaji aamini.

Nilipokuwa msaidizi wa sauti katika hoteli moja ya Entebbe, tulipoteza nusu ya asubuhi kwa mngurumo ambao hatukujua ulikotoka, hadi nilipopiga magoti, nikatega sikio kwenye kabati na kugundua friji ndogo ya vinywaji ndani yake. Ombeni ruhusa ya maandishi, itakayotaja pia saa ambazo jenereta litazimwa.