Uzingativu wa Kibudha kwenye kibanda cha mboga

Nauza mboga Kondele, hapa Kisumu, kando ya barabara ambako honi za matatu hazipoi mpaka usiku. Wanaoniuliza kuhusu uzingativu, yaani kutafakari kwa Kibudha kwa kujua unachokifanya wakati unakifanya, hudhani lazima uwe na chumba kimya, mkeka na muda wa bure. Mimi vyote vitatu sina. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na kazi ambayo mikono yako inaifanya tayari.

Mafunzo yenyewe yanaruhusu. Katika Satipatthana Sutta, hotuba ya Buddha iliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, mtu huambiwa ajue anavyovuta pumzi na kuitoa, kisha ajue kwamba anatembea, amesimama, ameketi au amelala. Anakula ajue anakula, anavaa nguo ajue anavaa. Hata kwenda haja kumetajwa, wenye staha mnisamehe.

Mimi nilichagua kukata sukuma. Wateja wa jioni huitaka nyembamba, nao wana haraka. Fungu liko mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia. Najua kidole gumba kiko wapi, najua bega limeanza kukaza. Akili ikikimbilia karo ya mtoto, na lazima itakimbilia, naona imekwenda kwa karo, naileta tena kwenye kisu bila kujikaripia. Zoezi lenyewe ni huko kuileta tena. Chagua kazi moja tu, uishike kwa wiki kadhaa kabla ya kuongeza nyingine. Wanaboda, zoezi lenu ni barabara, msifumbe macho.

Kinachonisaidia pia ni simu. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki Januari 2022, aliwafundisha wanafunzi wake kusimamisha kila kitu kengele ikilia na kupumua. Plum Village, makao aliyoanzisha Ufaransa mwaka 1982, hata simu ikilia watu hupumua kwanza ndipo waipokee. Iache iite kidogo, vuta pumzi, halafu sema haloo. Wenye kuflashi watakata, lakini hao wangekata tu.

Sasa nifike penye faida kubwa kwa mtu wa biashara. Hotuba ile ina sehemu nne: mwili, hisia, hali ya akili, na mafundisho yanayochunguzwa akilini. Watu wengi huishia kwenye pumzi. Usiruke ya pili. Hapo unaangalia jambo moja: hiki kinachonigusa sasa kinapendeza, kinakera, au si hiki wala kile?

Mteja anaminya nyanya, anairusha kwenye fungu, anasema bei yangu ni ya wizi. Kabla sijakasirika kuna kitu kidogo kinachotangulia: shingo inapata joto, kifua kinabana. Hicho ni kero tu, bado hakijawa hasira. Hasira huja pale ninapoanza kujisimulia: huyu ananidharau, na wiki jana alinikopa. Ukiiona kero ikiwa bado kero, una nafasi ya kuchagua jibu. Mara nyingine jibu langu huwa kali vilevile, maana kuzingatia si kuwa mjinga, na bei haishuki kwa sababu nimepumua. Ila jambo hilo silali nalo.

Chamani ilikuwa ngumu zaidi. Mikutano yetu ilikuwa ikichafuka kila tulipofika kwenye mikopo. Nikapendekeza tukae kimya pumzi chache kabla ya kufungua daftari, na anayesema asikatizwe mpaka amalize. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Nyaminwa (dada yetu), si haya ni mambo ya dini ya watu?" Nikamjibu ndiyo, chimbuko lake ni Ubudha, sifichi, lakini hatuombi chochote, na anayetaka kumwomba Mungu wake katika kimya kile na aombe. Watu wakapenda kutoongopewa. Ukilipeleka jambo hili kwa kanisa au kikundi chako, sema ukweli huo mapema, na atakayekataa usimfuate.

Najua wapo wanaofundisha uzingativu bila dini kabisa. Jon Kabat-Zinn, msomi wa Kimarekani, alianza hivyo mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, na kozi yake ni ya wiki nane. Sina ugomvi nayo. Lakini umakini peke yake haunitoshi: anayechezea mizani naye huwa makini sana. Katika njia ya Buddha yenye sehemu nane, uzingativu unakaa pamoja na kusema kweli na kupata riziki kwa njia safi. Kwa hiyo mizani yangu nayo ni sehemu ya zoezi.

Anayetaka mwalimu wa ana kwa ana na ana nauli ya kuvuka Busia, kuna Kituo cha Wabudha cha Uganda kule Entebbe, kilichoanzishwa na mtawa Bhante Buddharakkhita mwaka 2005. Na aliye na msiba mbichi, au anayekosa usingizi kwa mawazo mazito, asijifungie peke yake na pumzi zake. Kimya kinaweza kumzidishia. Amweleze mtu wa nyumbani, aende kwa daktari, na mikono aipe kazi pamoja na wenzake, hata kama ni kuchambua mrenda.